Umechaguliwa Mwenyekiti? Hotuba Ingoje, Anza na Daftari

Siku niliyochaguliwa kuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha wauza omena, dagaa wa ziwani, hapa soko la Kibuye, Kisumu, nilipanda juu ya kreti ya soda nikatoa hotuba. Niliahidi ploti, friza ya pamoja na safari ya Mombasa. Vigelegele vikapigwa. Mwenyekiti aliyekuwa anaondoka akanikabidhi mfuko wa nailoni, wa ile mifuko iliyopigwa marufuku mwaka 2017. Ndani yake mlikuwa na muhuri, madaftari mawili yanayonuka samaki, kitabu cha risiti kilichobakiza kurasa nne na kalamu isiyoandika. Mwaka ukaisha hatuna ploti, hatuna friza, na Mombasa tukaiona kwenye runinga.

Makofi na mfuko vilikuja siku moja, nami nikashughulika na makofi. Ningeanza na mfuko.

Nilikaa kwenye kiti hicho miaka sita, vipindi viwili vya miaka mitatu. Ninayoandika hapa ni kwa yeyote aliyepewa mfuko kama ule: chama cha akina mama, kamati ya maji, steji ya bodaboda, kikundi cha wavuvi pale Dunga, hata ofisi yenye wafanyakazi wanane. Ukubwa wa kikundi hubadilisha hesabu tu. Kazi ni ile ile: kiongozi yupo ili watu, kwetu 31, wafanye pamoja jambo ambalo mmoja wao peke yake haliwezi, na waendelee kulifanya hata siku kiongozi amelazwa. Semina zitakuambia uwe mwadilifu, mnyenyekevu, mwenye maono. Sawa. Lakini hakuna mwanachama anayeona moyo wako. Anachoona ni kama kikao kilianza kwa wakati na kama mchango wake wa shilingi mia mbili umeandikwa.

Hatua ya kwanza: uliza kikundi kilianzishwa kwa nini

Wiki ya kwanza usiitishe kikao. Tafuta daftari la zamani kuliko yote, kisha watembelee wanachama watatu waliokuwepo tangu mwanzo. Nenda nyumbani kwao au kwenye meza zao sokoni, kaa, nunua kitu, uliza: wakati ule mlikuwa na shida gani?

Mimi nilidhani najua. Kwangu tulikuwa kikundi cha mikopo. Mama aliyekuwa nambari tatu kwenye daftari la kwanza aliniangalia kama mtoto aliyepotea njia. "Sisi tulianza kwa sababu ya maiti," akasema. Mwenzao mmoja alifiwa na mume, wakakosa pesa za gari la kumpeleka nyumbani Siaya kuzikwa. Siku tano mochwari, bili inapanda. Wakaapa haitatokea tena. Mikopo ilikuja baadaye sana, baada ya mfuko wa msiba kujaa na mtu kuuliza kwa nini pesa zilale.

Jibu hilo lilinifungulia ugomvi wa miaka. Wazee wa kikundi walikuwa wanataka pesa zikae tayari kwa msiba. Vijana walitaka zizunguke. Kila kikao tulipigana kuhusu riba, kumbe tulikuwa tunapigania lengo, na hakuna aliyelitaja. Tulipolitaja, suluhu ilichukua nusu saa: mfuko wa msiba ukatengwa, usiguswe kwa mkopo wowote, na kinachobaki ndicho kizunguke.

Ukishajua, andika lengo kwa sentensi moja ambayo mtoto wa darasa la nne anaweza kusoma. Letu: "Tunasaidiana msiba ukiingia, na tunakopeshana mtaji wa omena." Sentensi hiyo inasomwa mwanzo wa kila kikao. Utaona kama ni jambo la kitoto, lakini siku mtu atakapoleta wazo la kununua hisa za kampuni asiyoijua, sentensi hiyo itakusaidia kuliko mdomo wako.

Huku kwetu jambo hili si geni. Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuja kuwa makamu wa kwanza wa rais wa Kenya, akiwa bado hajawa mtu wa serikali, alianzisha na wenzake LUTATCO, kampuni ya akiba na biashara, mwaka 1947, watu wakachanga hisa. Lengo lilikuwa wazi: Mwafrika aonyeshe kwamba anaweza kuweka akiba na kuendesha biashara yake mwenyewe. Mtu anayejua senti yake inaenda kufanya nini huitoa kwa mkono mwepesi.

Kama kikundi hakijasajiliwa, au katiba yake imepotea, ni wakati huu wa kulishughulikia. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua 10 na kiwe na katiba. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya eneo lako itakuelekeza. Usinunue katiba iliyochapwa tayari kutoka kwa mtu wa saiba, duka la kompyuta na kuchapisha, ile ambayo jina la kikundi kingine bado limebaki ukurasa wa tatu. Nimeiona kwa macho yangu.

Hatua ya pili: pokea ofisi kwa kuhesabu

Hapa ndipo viongozi wengi wapya huona haya. Mtu aliyetoka ni mkubwa wako, pengine ndiye aliyekuleta kikundini, utaanzaje kumhesabia? Utaanza kwa heshima, na utahesabu vilevile. Mwombe: "Mama, tusaidie kuelewa ulipofikisha." Neno hilo halimshtaki mtu. Alete vitu vyake, wewe uje na katibu, mweka hazina na mwanachama mmoja asiye na cheo. Huyo wa nne ni muhimu kuliko anavyoonekana, kwa sababu ndiye atakayesimulia sokoni kesho yake.

Kagueni haya pamoja. Taarifa ya benki ya miezi 12, iliyochukuliwa benki na nyinyi wenyewe na kupigwa muhuri. Usipokee nakala uliyoletewa. Daftari la michango, jina kwa jina. Orodha ya wanaodaiwa na tarehe walizokopa. Vitabu vya risiti, hata vilivyoisha. Mali ya kikundi: viti, turubai, mizani, sufuria. Na laini ya M-Pesa ya kikundi, ambayo swali lake ni moja tu: imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani? Yetu ilikuwa kwa jina la mweka hazina wa zamani. Alipohamia Busia, PIN ikahamia naye. Tulikaa wiki tano tukimpigia simu na kumwomba atutumie pesa zetu wenyewe.

Sisi daftari lilisema tuwe na shilingi 84,300 benki. Benki ikasema 71,850. Pengo la 12,450. Usiku ule sikulala, nikifikiria nitamwambia nini nani. Tulifuatilia mstari kwa mstari. Shilingi 9,000 alipewa mwanachama aliyefiwa, usiku, bila kuandikwa, na yeye mwenyewe alikiri bila kusukumwa. Zilizobaki, 3,450, hatukuziona hadi leo.

Katibu alishauri tuzinyamazie, kiasi chenyewe ni kidogo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kikaoni nilisoma karatasi yote, na mwishoni nikasema: "Shilingi 3,450 hatujui zilipo." Nilitegemea kelele. Mzee mmoja, Jaduong' tunavyomwita, akasimama polepole akasema hiyo ni mara ya kwanza ofisi ya kikundi hiki kumwambia haijui. Akaketi. Kikao kikaamua tuzifute kwenye hesabu na tufungue ukurasa mpya. Mwenyekiti wa zamani hakuaibishwa, na bado tunakaa naye meza jirani.

Baada ya hapo badilisheni watia sahihi. Benki itataka kumbukumbu za kikao mlichochaguana na barua yenye muhuri. Pelekeni vyote kwa safari moja. Wawe watatu, na pesa itoke kwa sahihi mbili. Wasiwe mtu na mumewe, wala mtu na dada yake. Mtu akikuuliza kwa nini hamuaminiani, mwambie sahihi mbili zinamlinda yule mmoja: siku pesa ikipotea, hakuna atakayemnyooshea kidole peke yake.

Hatua ya tatu: gawa kazi, kisha uiache igawike

Mwenyekiti hashiki pesa. Hata ya soda. Hata kama mweka hazina amechelewa na mwanachama ana haraka ya kuwahi matatu ya Bondo. Ukishika mara moja kwa nia njema, ya pili itakuwa desturi, na ya tatu utakuwa unatafuta mia mbili ya mtu kwenye mkoba wako usiku.

Katibu anaandika, anatunza madaftari na anaita vikao. Mweka hazina anapokea, anakata risiti na kupeleka benki kabla ya siku mbili kwisha. Naibu si pambo. Mpe kazi yenye jina, kwa mfano kufuatilia mikopo. Andikeni hayo ukurasa mmoja na kila mmoja atie sahihi.

Kugawa ni rahisi. Kuacha ndiko kugumu, na hapo nilianguka vibaya. Mwaka wa kwanza nilikuwa nafanya kila kitu: naita kikao, naandika, nakumbusha wadaiwa, naenda benki. Watu wakanisifu, "mwenyekiti mchapakazi". Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kisha nikaugua taifodi, wiki tatu kitandani. Niliporudi, michango ya wiki zote tatu haikuwa imekusanywa. Si kwamba walikataa. Walikuwa wananingoja. Nilikuwa nimewafundisha kungoja.

Mwaka 1939 huko Marekani Kurt Lewin na wenzake walitoa utafiti kuhusu vikundi vya watoto wa kiume wa miaka kama 10 waliopewa kazi za mikono. Vikundi vingine vilikuwa na kiongozi wa amri, vingine kiongozi wa kushauriana. Yule wa amri alipotoka chumbani, kazi ilishuka. Kwa yule wa kushauriana, watoto waliendelea na kazi yao. Nilipousikia kwenye mafunzo ya siku moja hapa mjini, nilicheka peke yangu. Walikuwa wamenipima bila kufika Kibuye.

Kwa hiyo fanya hivi: katika kila vikao vinne, kimoja kiongozwe na naibu, nawe ukae mkekani na wengine, umefunga mdomo. Mara mbili kwa mwaka safiri kweli. Ukirudi, usiulize walikosea nini. Soma daftari.

Katiba ya nchi ya mwaka 2010, Sura ya Sita, kifungu cha 73, inasema mamlaka ya afisa wa serikali ni jukumu la kuwahudumia watu na si nguvu ya kuwatawala. Imeandikiwa wakubwa. Sisi tuliibandika ndani ya jalada la daftari la mahudhurio, maana hakuna aliyetuzuia.

Hatua ya nne: kikao

Ukitaka kujua kiongozi ni wa namna gani, usimsikilize akihutubia. Kaa kwenye kikao chake. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu vikundi vingi nilivyoona vikifa havikuibiwa. Vilichoshwa.

Anza na saa. Jumapili Kibuye hakukanyagiki, kwa hiyo sisi tulichagua Jumatatu saa tisa alasiri, meza zikiwa zimepoa. Chagueni saa inayofuata biashara ya wanachama wenu. Steji ya boda haiwezi kukutana saa kumi na mbili jioni, wakati abiria ndio wametoka kazini. Saa ikifika, anza. Mara ya kwanza tulianza tukiwa saba. Akidi yetu ilikuwa 16, kwa hiyo hatukuamua lolote, lakini tulisoma kumbukumbu, tukapokea michango, na waliofika saa kumi walitukuta katikati. Wiki iliyofuata tulikuwa 19 saa tisa na dakika tano. Usiwakaripie waliochelewa. Waliowahi ndio unaowaonyesha heshima, na hao wengine wataona.

Ajenda isizidi mambo matatu, na wanachama wayajue siku mbili kabla. Katibu anatuma ujumbe, na kwa wasio na simu nzuri anapitia mezani kwao. Mtu akijua jambo kabla, atakuwa ameshalizungumza na mumewe au mwanawe. Atakuja na neno. Asiyejua hujitetea kwa kukataa.

Sasa hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote: mwenyekiti azungumze mwisho. Ukitoa maoni yako mwanzo, umefunga kikao; watakaobaki ni wa kukuunga mkono na wawili wasiokupenda. Taja jambo, kisha zungusha zamu ya kusema mkeka mzima, mmoja mmoja. Anza na mwanachama mgeni kuliko wote, wazee waje baadaye. Huku kwetu mzee akishasema, kijana hapingi, si kwa woga bali kwa malezi. Ukianza na kijana, mzee atapata nafasi ya kusema, "huyu mtoto amenena," na hakuna aliyevunjiwa heshima. Mama mmoja aliyekuwa kwetu miezi minne ndiye aliyeuliza kwa nini tunanunua magunia moja moja wakati tungeweza kununua pamoja. Kabla ya mtindo wa kuzungusha hajawahi kutoa sauti, nami nilidhani hana la kusema.

Lugha nayo. Kwetu Wajaluo ni wengi, Waluhya na Wakisii wapo, na yupo mama Mnubi wa Kibos. Kikao ni Kiswahili. Mara tu wawili wanapoinamiana na kucheka kwa lugha ya nyumbani, yule wa tatu anadhani anasengenywa, hata kama wanazungumzia sukuma wiki. Mzee akishindwa kueleza jambo kwa Kiswahili, aseme kwa Kijaluo na jirani atafsiri kwa sauti. Usimkate.

Kila jambo lifungwe kwa mambo matatu: tumeamua nini, nani atafanya, lini ataleta jibu. "Tutaangalia" si uamuzi. "Kamati itashughulikia" ni kaburi. Kabla watu hawajasimama, katibu asome maamuzi kwa sauti, mtu asahihishe hapo hapo. Tulipoanza kufanya hivyo, ule ubishi wa "hatukusema hivyo" ulipungua hadi tukausahau.

Halafu kuna Mengineyo, mwisho wa ajenda. Vita vyote hujificha humo. Watu wamechoka, nusu wameondoka, mmoja anainua mkono: "Mwenyekiti, nilitaka tu tuongeze kidogo kiwango cha mkopo." Weka kanuni: jambo lolote la pesa likiletwa kwenye Mengineyo linaandikwa na kungoja kikao kijacho. Kanuni hiyo ilinipa maadui wawili na usingizi wa miaka mitano.

Dakika 50 zinatosha. Ukizidi saa moja na nusu, unaiba mauzo ya watu.

Hatua ya tano: kabla ya kumtoza mtu faini, itazame kanuni

Tulikuwa na kanuni kwamba mkopo unalipwa kila tarehe 30, na aliyechelewa atoe faini ya shilingi 100. Kila baada ya miezi kadhaa, karibu kikundi kizima kilichelewa kwa pamoja. Tukapandisha faini hadi 200. Wakachelewa vilevile, sasa na hasira juu.

Jibu lilikuwa angani. Wavuvi wa omena huvua usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa taa haifui dafu. Omena haivutwi na mwanga mdogo wakati ziwa zima limeangazwa. Siku hizo gunia linakuwa adimu na bei inapaa. Tarehe 30 ilipoangukia mwezi mpevu, hakuna aliyekuwa na pesa. Isitoshe, Aprili hadi Julai ni msimu ambao uvuvi wa omena hufungwa ili izaliane. Sisi ni wauza omena, na tuliandika kanuni kama walimu wanaongoja mshahara! Tulihamisha malipo yawe ya kila wiki, kidogo kidogo, na mikopo mikubwa isitolewe kuanzia Machi. Faini tukairudisha 100, ikawa haitumiki sana.

Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alitumia miaka mingi kuchunguza watu wanaogawana maji, malisho na samaki bila kugombana. Aliona kwamba vikundi vinavyodumu vina kanuni zinazolingana na mahali pao, wanaotii kanuni ndio wanaozitunga, na adhabu huanza ndogo na kupanda ngazi kwa ngazi. Hilo la ngazi lifuate kama lilivyo:

Mkopo ukichelewa wiki ya kwanza, naibu anakwenda kumwona mtu mezani kwake, wawili tu. Huuliza, hadai. Wiki ya tatu, wanakwenda wawili, nyumbani, na wanakubaliana kiwango kipya kwa maandishi. Mwezi wa pili, mdhamini wake anaitwa. Mwezi wa tatu ndipo jina linaingia kikaoni. Kutaja jina la mdaiwa kwenye WhatsApp usikubali kamwe. Pesa itarudi au haitarudi, lakini mtu huyo hutampata tena. Tulimpoteza mmoja hivyo kwa deni la shilingi 1,800. Sasa anauzia soko la Jubilee, na anapotuona hugeuza uso.

Halafu itakuja siku mdaiwa atakuwa wako. Kwangu alikuwa shemeji, mdogo wake mume wangu, ambaye mimi mwenyewe nilimleta kikundini. Mkopo wa 15,000, miezi miwili kimya. Nyumbani mama mkwe akasema niongee na watu wangu. Kikundini kila mtu alikuwa akinitazama, na kwa adabu wakizungumzia hali ya hewa. Nilifanya jambo moja tu la maana: nilisimama, nikamwachia naibu kiti jambo hilo likijadiliwa, nikatoka nje kabisa. Nilikaa kwa muuza viatu kando nikisikia sauti bila maneno. Waliniita baadaye wakanisomea uamuzi. Shemeji alitakiwa kulipa 500 kila Jumatatu, kama wengine. Krismasi ile nyumbani hakukuwa na raha, sitakudanganya.

Na mwenyekiti akichelewa atozwe. Mimi nilichelewa dakika 20, nikatoa 50 ya faini haraka haraka nikidhani nimemaliza. Mweka hazina akasema, "Ngoja risiti, Mama." Akaiandika taratibu, kila herufi, kikao kizima kimesimama.

Hatua ya sita: wageni wenye bahasha

Fupi. Kila miaka mitano, na siku hizi hata katikati, atakuja mtu anayetaka kura, na mara nyingine mfadhili anayetaka picha. Mpokeeni vizuri, mgeni ni mgeni. Lakini pesa yoyote iende benki, ikatiwe risiti yenye jina lake, isomwe kikao kijacho. Pesa ya kugawana pale pale chini ya mwembe ikataeni, kwa kuwa mkishagawana mbele ya kamera, kikundi kimekuwa chake. Fulana pia. Mwanachama akitaka kuvaa fulana ya mtu, avae kwake, asiivae kikaoni.

Wewe mwenyewe ukitaka udiwani, jiuzulu kwanza. Nimeona mwenyekiti wa kikundi kimoja upande wa Kondele akifanya vyote viwili. Alishindwa kura na kikundi kikagawanyika, nusu kwa nusu, hata turubai wakalikata.

Hatua ya saba: anza kuondoka mapema

Katiba iseme vipindi ni vingapi. Yetu haikusema, tukaongeza mstari huo mwaka wangu wa pili, wakati bado napendwa. Usingoje mwaka wa mwisho, kwa sababu wakati huo kila mtu atadhani mstari unamlenga mtu fulani, na mtu huyo atakuwa wewe.

Miezi sita kabla, acha kujibu maswali ambayo katibu au naibu anaweza kuyajibu. "Muulize naibu" ndilo jibu. Usimchague mrithi, hakikisha tu kwamba watu watatu au wanne wanajua benki ni mlango gani, laini ya M-Pesa ni ya nani, na mkopo huhesabiwaje. Wachague wenyewe. Aliyechaguliwa kwetu hakuwa yule niliyemtaka. Ni kijana, anaongea haraka, lakini anaandika vizuri kuliko mimi.

Nilimkabidhi mfuko mpya, wa kitambaa. Muhuri ulikuwemo, na madaftari sita, vitabu viwili vya risiti, kimoja hakijaguswa, taarifa ya benki ya juma hilo, kalamu mbili zinazoandika, na karatasi ya wadaiwa. Tulihesabu mbele ya wanne. Kwenye karatasi kulikuwa na majina matano. La shemeji halikuwepo. Alimaliza deni mwaka mmoja kabla, Jumatatu moja ya Novemba, akaomba risiti.